Sadaka ya Marehemu na Ada ya Muuguzi

Afapo mzee wetu twakusanyika, twasoma hitima, twala, kisha kila mtu hushika njia yake. Si vibaya. Lakini jina la marehemu litabaki wapi?

Tangu Juni 2025 watu wa Sengerema huvuka ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, pasipo kungoja kivuko. Njia ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, imekuwa nyepesi. Walakini mja mzito ashikwaye na uchungu usiku kijijini humhitaji kwanza muuguzi aliye karibu naye. Na stashahada ya uuguzi ni miaka 3 ya ada, chakula na sare. Binti wa mvuvi ataipata wapi?

Uuguzi si kazi ngeni kwetu: Bibi Rufaida aliwauguza majeruhi wa Khandaki hemani, katika msikiti wa Madina. Basi jamaa waungane, waweke mfuko kwa jina la marehemu wao, wamsomeshe mwanafunzi mmoja hata ahitimu. Kuwaanza watatu na kuwaacha mwaka wa pili ni kuwadhulumu. Ada ipelekwe chuoni moja kwa moja, na hesabu isomwe mbele ya jamaa siku ya hitima ya kila mwaka.