Ulizeni Ukoo wa Mche

Enyi wakulima wa Njombe na Makambako, hakuna aozaye binti yake asiulize ukoo wa mchumba. Mbona twanunua mche wa tufaha bila kuuliza? Mvua ikilowesha majani kwa saa nyingi, huota kuvu iletayo madoa meusi, na tunda hupasuka, halina bei.

Nguvu ya kuishinda kuvu hiyo hurithiwa. Hukaa katika jeni. Mwaka 1914, huko Illinois, Marekani, mtufaha wa mwitu wenye jeni hiyo ulizalishwa na mtufaha wa kuliwa. Baada ya vizazi kadhaa, mwaka 1970, wakulima wakapewa mtufaha uitwao Prima.

Lakini jeni moja ni mlinzi mmoja: huko Ulaya kuvu ilimshinda kabla ya mwaka 2000.

Basi nashauri hivi. Msipande mbegu, maana huenda ikakosa urithi wa mamaye; nunueni mche uliobebeshwa, wenye jina lijulikanalo. Tena fukieni majani yaangukayo, kwani kuvu hulala humo. Mtufaha huishi miaka mingi. Kosa la leo watalirithi watoto wenu.