Gari Halimjui Mwenye Ufunguo

Baadhi ya magari yanayoletwa kwetu kutoka Japani hayana haja ya ufunguo kuingizwa kwenye tundu. Una mtoto mgongoni na kapu mkononi. Unagusa kitasa, mlango unafunguka, unabonyeza kitufe na injini inawaka. Ni nafuu kubwa kwa mama. Lakini wezi nao wameigundua.

Ufunguo huo huzungumza na gari kwa mawimbi ya redio. Gari huita, na wito wake haufiki mbali. Ufunguo ukisikia, hujibu, na gari huamini kwamba mwenyewe yuko karibu. Sasa wezi wawili huja usiku na vyombo viwili. Mmoja husimama kando ya gari, mwenzake karibu na mlango wa nyumba. Vyombo hivyo huupeleka wito wa gari hadi kwenye ufunguo ulio ndani, kisha hurudisha jibu. Gari hufunguka na kuwaka, nanyi mmelala. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH huko Zurich, Uswisi, walitangaza kuwa wamejaribu aina 10 za magari kutoka viwanda 8. Zote zilidanganyika.

Isaka naye alipapasa ngozi ya mwana-mbuzi akadhani anamgusa Esau. Basi tufanye nini?

1. Usitundike ufunguo karibu na mlango. Uweke, pamoja na ule wa akiba, ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, kwani bati huzuia mawimbi. Lipeleke kopo hilo hadi kwenye gari ujaribu. Mlango ukifunguka, tafuta jingine.

2. Nunueni kufuli ya usukani. Kifaa hiki cha zamani hakidanganywi na redio.

3. Sokoni au kanisani, wezi wengine huvuruga mawimbi wakati unapobonyeza kufunga. Usiondoke kabla ya kuvuta kitasa na kuhakikisha.

4. Mkisikia gari linawaka usiku, baba asikimbilie nje kupambana. Piteni ndani, pigeni simu polisi, iteni majirani. Sisi wauguzi tunajua jeraha la panga linavyoshonwa. Gari hununuliwa tena; baba wa watoto hanunuliwi.

Dada, zungumza na mumeo jioni hii, kabla ya sala. Tumwombe Mungu atulinde, nasi tufanye sehemu yetu.