Jina la Shifta Lisibandikwe kwa Mfugaji

Habari ya gari kuvamiwa njia ya Griftu, huko Wajir, ikifika mjini, Wakenya wengi hulitamka neno shifta kabla ya kuuliza nani alifanya nini, na hudhani kwamba neno lenyewe ni la Kisomali. Sivyo. Asili yake ni Uhabeshi, katika Kiamhari na Kitigrinya; kutoka huko likaingia Kisomali na Kiswahili. Kwa Wahabeshi lina sura mbili: shifta ni mnyang'anyi wa njiani, lakini pia ni mtu aliyeingia porini kwa kumwasi mtawala. Kassa Hailu alikuwa shifta kabla ya kutawazwa kuwa Mfalme Tewodros wa Pili mwaka 1855, na Wahabeshi wanamtukuza hadi leo.

Kwetu sisi imefika sura moja tu. Mwaka 1962 tume ya Uingereza ilikuta walio wengi katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka kuungana na Somalia. Dai hilo, ulikubali au ulikatae, lilikuwa la kisiasa. Vita vya kulipigania vilipowaka mwaka 1963, serikali ya Kenya iliwaita wapiganaji mashifta, na kwa jina hilo ikajivua wajibu wa kulijibu dai, kwa maana mnyang'anyi hajadiliwi. Kisha jina likawavuka wapiganaji, likawaangukia wafugaji. Watu walikusanywa katika vijiji vya kulindwa, na mwenye ngamia aliyekutwa nje, akitafuta tu majani na maji, aliweza kuhesabiwa shifta, mifugo yake ikatwaliwa au kupigwa risasi. Neno ndilo lililofanya kosa la mtu mmoja liwe la ukoo mzima.

Atasema mtu kwamba magari yalitekwa kweli na raia waliuawa. Ni kweli, na damu yao isidharauliwe. Lakini anayeteka gari Nairobi huitwa jambazi, na hakuna anayewauliza jirani zake wa kabila lake. Wengine watasema neno limekwisha kuzoeleka. Lakini Kenya na Somalia zilipatana Arusha mwezi Oktoba 1967 kuvimaliza vita vile. Kijana wa Griftu aliyezaliwa miongo kadhaa baadaye alipigana vita gani? Ndugu wahariri, mwizi wa ngamia aandikwe mwizi wa ngamia, muuaji aandikwe muuaji, na neno shifta mlitumie mnapoandika habari za vita vile, mkitaja na lile dai lililovizaa.