MCHEZO WA IDI UGHAIBUNI: HIYO IJMAI MMEITOA WAPI?



Ndugu zangu, nimeletewa suali na jamaa zetu Waswahili wanaoishi katika mji mmoja wa Uingereza. Walikuwa wakiandaa mchezo wa kuigiza wa Idi, kwa Kiswahili, watoto pamoja na wazazi wao, katika ukumbi wa kukodi. Hao si waigizaji wa kazi. Ni muuguzi, dereva wa basi, fundi umeme, na watoto wa madrasa ya Jumamosi. Wamefanya mazoezi wiki nane. Ilipobaki wiki moja, ndugu wawili wakasambaza ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: maigizo yote ni haramu kwa ijmai ya wanazuoni, na anayempeleka mtoto wake anamfundisha uwongo. Mchezo ukavunjika. Wanauliza: Sheikh, tulikosea?

Hamkukosea. Aliyekosea ni aliyedai ijmai mahali pasipo na ijmai, na hilo si kosa dogo, maana amewasemea wanazuoni wasiyoyasema.

Wapo waliokataza maigizo, na ni wakubwa, simdharau hata mmoja wao. Sheikh Ahmad bin Siddiq al-Ghumari wa Morocco aliandika risala nzima ya kuyaharamisha, na Sheikh Bakr Abu Zayd wa Saudia naye akaandika yake. Lakini Sheikh Ibn Uthaymin, ambaye ndugu wa aina hii humtaja kila wanapofungua mdomo, aliruhusu kwa masharti. Sheikh Yusuf al-Qaradawi pia. Hii, ndugu yangu, inaitwa khilafu. Una haki ya kuchukua kauli ya kukataza ukabaki nyumbani kwako. Huna haki ya kuificha kauli ya pili ukawavunjia watu shughuli yao.

Na hiyo hoja ya uwongo tuitazame. Uwongo ni kumfanya mtu aamini jambo lisilokuwapo. Baba Fulani akipanda jukwaani akajifanya tajiri bahili, nani ukumbini amedanganyika? Mkewe yuko safu ya pili anacheka. Sisi tuliosoma nahau chuoni tumelelewa na Zaid aliyempiga Amri. Kila chuo, karne baada ya karne, Zaid anampiga Amri, na mwalimu anauliza mtendaji ni nani na mtendwa ni nani. Sijasikia kadhi aliyemwita Zaid ajibu mashtaka! Na Surat Sad inatusimulia mahasimu wawili waliopanda ukuta wakaingia kwa Nabii Dawud na kesi ya kondoo. Wafasiri wengi wanasema walikuwa malaika, na kesi yao ilikuwa mfano wa kumzindua. Jibril mwenyewe alikuja kwa sura ya mgeni mwenye nguo nyeupe, akaketi mbele ya Mtume swalla Allahu alayhi wasallam, akauliza maswali ambayo majibu yake anayajua, ili masahaba wajifunze dini yao. Hadithi iko kwa Muslim.

Watasema: basi ni kuiga makafiri. Hapa nataka tukae kidogo.

Hapa Mombasa, upande wa Mnazi Mmoja, ipo Little Theatre Club. Dar es Salaam, Oysterbay, ipo Little Theatre ya Dar es Salaam Players. Mbegu ya nyumba hizi ni Waingereza waliokuwa ugenini kwetu. Mtu ametoka kazini, joto la Mombasa mnalijua, badala ya kulala anakwenda kukariri maneno na wenzake bila kulipwa senti. Kwa nini? Kwa sababu walifahamu kwamba mtu aliye mbali na kwao, asipokaa na wenzake akasema lugha yake na kucheka utani wa kwao, ataanza kujisahau. Na jambo hilo walilishika kwa meno. Mwaka 1976, Kenya ina uhuru wa miaka 13, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya Dedan Kimathi, na ile ya Francis Imbuga, zote zimeandaliwa kwa tamasha la Lagos, zilipata siku chache tu katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo pale Nairobi, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umeshikwa na maonyesho ya Wazungu. Ile ilikuwa dhulma, siisifu. Lakini mtu hang'ang'anii hivyo kitu cha upuuzi.

Au watazameni Wagoa, tuliokaa nao Mombasa na Unguja miaka na miaka. Mchezo wao wa kuigiza kwa Kikonkani, wanaouita tiatr, haukuzaliwa Goa. Ulizaliwa Bombay mwaka 1892, kwa Wagoa waliokwenda huko kutafuta riziki. Mpaka leo wafanyakazi wao walioko Kuwait na Ghuba wanauonyesha, mara nyingi Ijumaa, siku ya mapumziko.

Sisi je? Mabibi wa mtaani kwangu wananijia na kilio kimoja: mjukuu kaja likizo kutoka Ulaya, anasema Kiingereza, bibi anajibu Kiswahili, wanabaki kutazamana. Mjukuu huyo huyo mpe mistari 30 ya mchezo. Itambidi aulize shikamoo anaambiwa nani. Itambidi ampigie bibi simu amuulize "kulikoni" maana yake nini, na bibi atacheka, na watazungumza nusu saa. Mawaidha yangu ya dakika 40 hayajawahi kumfanyia mtoto kazi hiyo, na wala sioni haya kusema. Enyi ndugu wawili, mmeyafunga mazoezi. Mmewafungulia nini badala yake? Simu?

Masharti yapo, na ni ya kweli. Msimwigize Nabii yeyote wala sahaba. Mwanamume asivae gauni: Waingereza katika michezo yao ya Krismasi wana desturi ya kumvika mwanamume nguo za bibi kizee, hilo waachieni wenyewe, laana yake iko kwa Bukhari. Mavazi na mchanganyiko mnayajua. Lakini linaloniudhi zaidi katika video mnazonitumia ni kicheko chenyewe kinatoka wapi. Kila mchezo anachekwa mgeni aliyefika juzi asiyejua Kiingereza, au maalimu wa madrasa. Hiyo ndiyo dhihaka iliyokatazwa katika Surat al-Hujurat, na hao ndugu wawili wangeisemea hiyo ningewaunga mkono.

Mkikosa maandishi, Ebrahim Hussein, Muislamu mwenzenu wa pwani ya kusini ya Tanzania, alitoa Kinjeketile mwaka 1969. Mna mambo ya mizimu humo, itabidi muwaeleze watoto.

Idi ya Haji iko mbele. Kodini ukumbi tena, anzeni baada ya Alasiri, mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia saa ili Magharibi isiwapite. Ndugu wale wawili waalikeni, muwawekee viti vya mbele. Wasipokuja msiwasengenye.

Wallahu aalam.