Viroba vimepigwa marufuku, lakini anayetaka kuacha pombe aende wapi?

Kwa miaka kadhaa sasa, serikali za Afrika Mashariki zimekuwa zikipambana na chupa. Tanzania ilipiga marufuku viroba Machi 2017, Uganda nayo ikafuata mwaka 2019. Nchini Kenya, vifo vya watu zaidi ya 10 waliokunywa pombe yenye sumu katika kaunti ya Kirinyaga, Februari 2024, vilizua msako na masharti mapya kwa wauzaji.

Hatua hizo zina faida yake, lakini zote zinamlenga muuzaji. Mnywaji aliyeamua kuacha bado hana pa kwenda ifikapo saa kumi na mbili jioni, wakati wenzake wanaelekea baa.

Tatizo si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019 pekee.

Hospitali zipo: Mathari jijini Nairobi, Butabika jijini Kampala, Mirembe mjini Dodoma, Ndera jijini Kigali na Kamenge mjini Bujumbura. Daktari anaweza kumwondolea mgonjwa sumu ya pombe mwilini katika siku chache. Hata hivyo, mgonjwa akiruhusiwa anarudi mtaa ule ule, kwa marafiki wale wale, na mshahara wa mwisho wa mwezi unamkuta peke yake.

Hapo ndipo vikundi vya kusaidiana vinapohitajika. Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, au AA, kilichoanzia mji wa Akron, Marekani, mwaka 1935. Waanzilishi wake walikuwa Bill Wilson, mtaalamu wa masoko ya hisa, na Robert Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa wameshindwa kuacha pombe kila mmoja kivyake.

Utaratibu wake ni mwepesi. Hakuna ada, na sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Watu hutumia jina la kwanza pekee. Mmoja husimulia yaliyomkuta huku wengine wakisikiliza bila kumkatiza, na mgeni halazimishwi kusema neno. Mikutano mingine ni ya wazi, hivyo hata mke, mume au mzazi anaweza kuhudhuria.

Je, inasaidia? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yalikusanya tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000. Kati ya kila watu 100 waliopitia tiba ya kuwaunganisha na AA, 42 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na 35 waliopata tiba nyingine. Si muujiza, lakini ni matokeo mazuri kwa huduma inayohitaji chumba, viti na birika la chai.

Shida ni kukipata hicho chumba. Vikundi vingi viko miji mikubwa, na mara nyingi Kiingereza ndicho kinachotawala. Usiri unaomlinda mwanachama ndio huo huo unaofanya mlango usiwe na kibao. Nauli nayo inakula posho ya siku. Kijijini, ambako kila mtu anamjua mwenzake, anayeonekana akiingia huogopa kuitwa mlevi. Mwanamke huogopa zaidi, kwa kuwa jamii humhukumu mara mbili.

Aibu ya namna hiyo si ngeni katika ukanda huu. Mwaka 1987, Ukimwi ulipokuwa ukitajwa kwa minong'ono, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO nchini Uganda ili walioguswa na ugonjwa huo wakae pamoja na kuzungumza. Zanzibar nako, waliokuwa waraibu wa heroini wamekuwa wakiwasaidia wenzao katika nyumba za upataji nafuu, kwa Kiswahili chao wenyewe.

Kinachokosekana ni kuunganisha nguvu hizo. Dereva wa lori anayetoka Mombasa, akapita Malaba, Kampala na Kigali hadi Bujumbura, hawezi kuwa na kikundi cha mji mmoja. Nchini Kenya anaweza kupiga simu 1192 ya NACADA bila malipo. Akivuka mpaka, namba hiyo haimfai tena. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kuandaa orodha moja inayoonyesha mji, siku, saa na lugha ya kila mkutano. Halmashauri na kaunti nazo zingetoa darasa moja baada ya saa za masomo. Gharama yake haifikii ya msako mmoja.

Kwa sasa, anayetafuta kikundi aanze kwa kumuuliza muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya. Mwenye simu ya intaneti anaweza pia kujiunga na mikutano ya mtandaoni, iliyoongezeka tangu mwaka 2020. Lakini anayekunywa sana kila siku amwone daktari kwanza, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo.

Serikali zimeonyesha kuwa zinaweza kufunga baa. Sasa zinapaswa kufungua milango mingine mtaa huo huo.