Tukialikwa Milimani Tusisingizie Kazi Kwa Sababu ya Mbwa

Kila mwaka ikifika Oktoba, Waswahili wa Louisville, Columbus na Buffalo hupata mwaliko wa aina moja kutoka kwa majirani au wenzao wa kazini. Jumamosi tunakwenda kutembea milimani kuangalia majani, tutakuwa marafiki watano na mbwa wawili, karibu nawe. Na jibu letu karibu siku zote ni hilo hilo: asante, siku hiyo niko kazini. Hata kama hatuko kazini. Tukishakata simu tunacheka, tunasema hawa Wazungu vipi, watu wazima wanaingia porini hawaokoti kuni wala hawachoti maji, wanarudi mikono mitupu na wanafurahi.

Ndugu msomaji, kicheko hicho kinatugharimu. Mmarekani hakukaribishi ndani kwake upesi kama tunavyokaribishana sisi. Urafiki wake mara nyingi huanzia nje, kwenye mpira, kwenye nyama choma, na majira haya kwenye njia za milimani. Atakualika mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne hakualiki tena, na wala hatakwambia kwa nini. Halafu tunakaa ughaibuni miaka kumi tukibeba maboksi na kulalamika kwamba hatuna hata mtu mmoja wa kutuandikia barua ya udhamini wa kazi, wala wa kumpigia simu gari likizimika njiani.

Wengine husema kutembea porini ni mambo ya Wazungu. Hebu tuangalie Louisville. Kuanzia mwaka 1924 hadi 1955 ubaguzi katika bustani za mji ule ulikuwa kanuni rasmi, na mtu mweusi alikuwa na bustani zake chache, ikiwemo Chickasaw. Iroquois Park, yenye kilima ambacho ukikipanda unauona mji wote, haikuwa yake. Leo watu wetu wengi wanaishi upande huo huo wa kusini mwa mji, na hakuna anayewazuia mlangoni. Wanajizuia wenyewe! Na huko nyumbani, msitu wa Karura pale Nairobi, ambako Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakiutetea, siku hizi umejaa Wakenya wanaotembea na kukimbia, wengine na mbwa wao.

Kwa kweli neno mlima hapa lichukuliwe kwa huruma. Sehemu ya juu kabisa ya jimbo la Ohio, Campbell Hill, ina mita 472 tu. Mtu wa Moshi au wa Bukavu akioneshwa atauliza mlima wenyewe uko wapi. Lakini bonde la Hocking Hills, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Columbus, lina majabali na mapango ya kustaajabisha, na bustani za jimbo la Ohio hazina kiingilio. Watu wa Louisville wana Jefferson Memorial Forest, zaidi ya ekari 6,000 za vilima ndani ya eneo la mji wao. Watu wa Buffalo wakienda kusini wanaikuta Allegany, bustani kubwa kuliko zote za jimbo la New York. Pale hutozwa gari, si kichwa, kwa hiyo jazeni gari. Majira haya wengine huyaita vuli, ingawa kwetu vuli ni mvua. Siku zinafupika, mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na manjano iliyokuwa imejificha inatokea. Ukiiona mara moja utaelewa kwa nini wanapiga picha hovyo.

Sasa tuje kwenye mbwa, maana ndiyo sababu ambayo hatuitaji.

Sisi tumekulia kwenye mageti yaliyoandikwa "Mbwa Mkali", na kichaa cha mbwa bado kinaua vijijini kwetu. Woga huo si ushamba, ni elimu tuliyoipata kwa taabu. Lakini mazingira yamebadilika: New York na Kentucky sheria inataka mbwa achanjwe, na katika bustani za jimbo za Ohio na New York mbwa anatakiwa awe amefungwa kamba. Kwa Waislamu lipo na la dini. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu na ndugu zetu Wasomali waliojaa Columbus, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mguso mkavu hauna hukumu hiyo. Na dini hiyo hiyo imetuachia hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kujitenga na mate yake hakujapata kuwa amri ya kumtenga mwenye mbwa.

Kwa hiyo semeni mapema, kwenye simu, kabla ya safari: nakuja, ila mbwa akae kwenye kamba na atembee mbele, mimi nitakuwa nyuma. Wamarekani wengi huona jambo hilo ni la kawaida kabisa. Linaloharibu ni kufika pale na kuanza kupiga kelele.

Kwa mbwa wa mtu usiyemjua ni habari nyingine. Mei 25, 2020, huko Central Park, New York, Christian Cooper, mtu mweusi aliyekwenda kuangalia ndege, alimwomba mwanamke mzungu afunge mbwa wake kama kanuni ilivyotaka. Mwanamke yule akapiga simu polisi akisema Mwafrika-Mmarekani anamtishia. Haki ilikuwa upande wa Cooper, na video ndiyo iliyomwokoa. Hii ndiyo sababu nasisitiza kwenda na wenyeji mnaofahamiana, si peke yako.

Wapo ambao sitawashawishi. Mtu aliyekimbia Uvira mwaka 1996 akalala porini na watoto hahitaji kufundishwa uzuri wa msitu, na akisema hataki tena, tumwache. Wazee wa namna hiyo labda Ash Cave pale Hocking Hills ingewafaa, njia yake ya bondeni ni fupi na ya lami, hata kiti cha magurudumu kinapita. Na asiyetaka kumwona mbwa kabisa aende jirani hapo, Conkles Hollow, ambako mbwa hawaruhusiwi.

Vaeni kitu cha rangi ya machungwa, kwa sababu Novemba wawindaji wa paa wanaingia na bunduki katika misitu mingi ya serikali. Mkirudi jikagueni kupe. Wafugaji wa Fizi wanawajua, ila hawa wa huku huleta ugonjwa wa Lyme. Na baada ya saa kurudishwa nyuma, Jumapili ya kwanza ya Novemba, kabla ya saa kumi na mbili jioni kiza kimeshaingia, basi ondokeni asubuhi.