Jani halipaliliwi kwa hotuba

MAJI KUPWA
Na Zainabu Mkumba

Kila msimu wa kupanda miti tunaletewa picha ileile: wakubwa ndani ya tope, fulana mpya, mche wa mkoko mkononi. Watu wa Kiongoroni, Mbuchi na Salale, katika delta ya Rufiji, wanajua kinachofuata. Boti zikishaondoka, jani linaendelea kuota.

Mkulima wa delta hukata mikoko apate shamba la mpunga pale maji baridi ya Rufiji yanapoisukuma chumvi nyuma. Mto ulipohamishia nguvu zake kwenye mikono ya kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashamba hayo yaliongezeka sana upande huo. Mwanzoni magugu ni haba. Adui ni kaa wanaokata miche. Miaka ikipita huja ndago na matete, palizi inamshinda, anafyeka pengine. Alikotoka jani linafunika tope, na mbegu ya mkoko inayoletwa na bamvua haipati pa kushika.

Delta ina hekta 53,000 hivi za mikoko, na tangu 2004 imo katika eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, la Rufiji-Mafia-Kilwa. Sifa hiyo hailimi wala haipalilii.

Huko Alaska, kwenye tundra, maeneo oevu yaliyoharibiwa na uchimbaji wa mafuta hupandwa upya nyasi ya majini iitwayo Arctophila fulva, shina kwa shina. Wao wanaitafuta nyasi, sisi imetuelemea. Lakini kote ni kazi ya mikono, na mikono haifanyi kazi bure.

Kwetu mikono ipo: mkulima yuleyule wa mpunga. Akiachwa alime huku miche ya mikoko ikikua humohumo shambani, palizi moja inatosha kwa vyote. Utaratibu huo si mgeni Rufiji. Ubovu wake ni kwamba mikoko ikishapanda, kivuli chake kinaua mpunga, na aliyeitunza ndiye anayetakiwa kuondoka. Nani atapalilia mti utakaomfukuza shambani? Mimi nisingepalilia.

Basi ndugu zetu wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na Halmashauri ya Kibiti, kabla ya kuleta miche mingine, wekeni kwenye maandishi mambo mawili: ujira wa palizi, na mahali mkulima atakapolima kivuli kikishafunga. Na maandishi hayo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, si ofisini.